Siku Moja kwa Sosthenes Kabla ya Meli

Wenzangu wa jumuiya, kila Jumapili mnanizunguka nje ya kanisa mkitaka niwasimulie meli. Nimekuwa nikijibu kwamba ilikuwa kubwa, kisha najifanya nimeacha chungu jikoni. Leo nimekaa niyaandike yote, kwa sababu kwa mdomo sitafika mwisho. Lakini mjue mapema kwamba meli yenyewe ni sehemu ndogo. Siku iliyonikaa moyoni ni ile moja niliyoshinda Nairobi kabla ya kuipanda.

Nafasi ile mnajua nilivyoipata. Mwanangu Deo anafua nguo katika meli ya watalii, na mfanyakazi aliyekaa sana huruhusiwa kumleta mzazi mmoja asafiri bure. Meli ingeng'oa nanga Mombasa siku ya Ijumaa alasiri na kurudi baada ya siku nane. Deo sikuwa nimemwona kwa miaka minne. Na Nairobi alikuwako mdogo wangu Sosthenes, ambaye sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Nikapanga nifike Nairobi alfajiri ya Alhamisi, nishinde naye mchana kutwa, saa moja jioni nipande treni ya Mombasa.

Kutoka Mutukula hadi Nairobi

Mpaka wa Mutukula tulivuka vizuri, Kampala nikabadilisha basi. Busia ndipo mambo yalipoharibika. Mzee mmoja alikuwa na mbuzi katika buti, na askari wa forodha wakataka karatasi za mbuzi. Mzee akasema mbuzi hana karatasi, ana kamba tu. Watu walicheka, lakini tulikaa pale saa tano, na kicheko kikaisha. Basi lililopaswa kufika Nairobi saa kumi na mbili asubuhi lilifika saa tano na nusu. Hizo saa tano nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile.

Njiani nilikuwa na muda wa kumfikiria Sosthenes kuliko nilivyopenda. Aliondoka nyumbani akiwa kijana kwenda kufanya kazi ya reli, enzi hizo reli ikiwa ya nchi tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka kufungwa, wenzake walirudi, yeye akabaki. Baba alipofariki, kaka yetu Projestus aligawa kibanja, shamba letu la migomba, akasema aliyeko ugenini hana fungu. Sosthenes aliniandikia barua tatu akiniomba nimsemee. Mimi, mwalimu, niliyekuwa nikiwafundisha watoto wenu kusema kweli, nilizisoma nikazifungia sandukuni. Sikumjibu hata moja hadi mwaka huu, nilipomwandikia kwamba napita Nairobi. Alijibu kwa mistari miwili tu: anatengeneza viatu soko la Kariokor, na atakuja kunipokea kituoni.

Kituoni hakuwepo.

Kariokor

Nilisimama na mizigo yangu nikimtafuta kila mwanamume mwembamba mrefu. Msichana aliyekuwa akiuza machungwa akanitazama, akasema, "Sasa, mathe?" Nikangoja amalizie. Hakumalizia. Nikamuuliza, "Sasa nini, mwanangu?" Akacheka hadi akashika kiuno, akaniambia hiyo ndiyo salamu yenyewe, na mathe ni mama. Nilipomtajia Kariokor alinionyesha njia kwa mkono, akasema si mbali, niende tu kwa miguu.

Soko lile hulisikia kabla hujaliona: nyundo, nyundo, nyundo. Watu wamekaa chini wakikata matairi ya magari kutengeneza viatu, wengine wanashona mikanda na mikoba ya ngozi. Nikamuulizia Sosthenes, hakuna aliyemjua. Nikasema Mtanzania, mrefu. "Ah, Soso!" wakasema, wakanipeleka kwa mtu mmoja mfupi mwenye mvi za mapema, jina lake Kamau. Alikuwa amekaa peke yake kwenye kibanda cha watu wawili. Upande wa pili kulikuwa na kigoda kitupu na nyundo iliyolazwa juu yake.

"Mimi ni dada yake Sosthenes," nikamwambia.

Akaifuta mikono, akasimama. "Karibu, mathe. Soso hajakuja kazi miezi mbili. Yuko kwa nyumba. Lakini usijali, bibi yake ndio anamchunga."

Nikashangaa. "Bibi yake? Bibi yetu alikwisha kufariki."

Kisu kikamponyoka Kamau. "Amekufa? Lini? Si juzi mimi nimemuacha akianika nguo!"

Mama mmoja wa kibanda cha jirani akasikia, akashika kichwa kwa mikono miwili akaanza kulia, "Uuwi, Rispa! Rispa amekufa!" Nyundo zikanyamaza. Watu wakaja. Mimi nikawa nawaeleza kwamba bibi alikufa zamani, Sosthenes akiwa bado shuleni, na wao wakinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Ikachukua muda mpaka tukaelewana: kwao bibi ni mke. Yule aliyemzaa mama wao wanamwita nyanya, ambayo kwangu mimi ni kitu cha kutia kwenye mchuzi.

Walicheka sana, na yule mama aliyelia alicheka kuliko wote. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaacha, kwa kuwa nilitambua mambo mawili kwa pamoja: ndugu yangu ana mke ambaye ukoo mzima haumjui, na hajafika kazini miezi miwili.

"Anaumwa nini?" nikamuuliza Kamau.

Aliagiza chai ya maziwa na makande, ambayo wao huyaita githeri, akanilazimisha nile. "Kula kwanza," akasema. "Huko tunaenda utahitaji nguvu." Nilipomaliza alifunika vifaa vyake kwa gunia, akamwomba yule mama amwangalizie kibanda, akabeba sanduku langu. Hakuniuliza kama nataka anisindikize.

Komarock

Walikuwa wakikaa mbali, Komarock, kwenye barabara ya Kangundo. Mtaa ni mzuri, nyumba za mawe zimepangwa kwa mistari, kila moja na geti lake dogo. Nikaanza kupata matumaini. Lakini Kamau alizunguka nyuma ya nyumba mojawapo, kwenye chumba kimoja kilichoegemezwa ukutani. Mke wa Sosthenes alikuwa akimfulia mwenye nyumba, na chumba kile ndicho walichopewa.

Alitoka akiwa na povu mikononi. Rispa ni mwanamke mpana, mweusi, mwenye sauti ya chini. Kamau alipomwambia mimi ni nani, alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Karibu, shemeji," akasema. Kwetu tungeitana wifi, lakini kwao shemeji hutosha kwa wote. "Amekungoja tangu asubuhi. Alitaka kuja kukupokea kwa basi. Alifika mpaka hapo kwa geti, akaanguka."

Wenzangu, sisi watu wa Bukoba ugonjwa ule hatuhitaji kuambiwa jina. Tumezika nao mno. Niliinama mlangoni, nikaona miguu ikiwa imetokeza kwenye blanketi, na kabla sijaiona sura yake nilikwisha kujua. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kola ilikuwa inazunguka shingo pasipo kuigusa. Rispa alikuwa amemnyoa ndevu.

"Koku," akasema. "Umechelewa."

"Mbuzi alikosa karatasi," nikamjibu. Ndilo jambo la kwanza nililomwambia ndugu yangu baada ya miaka yote ile. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Rispa akaja kumshika mgongo.

Nilikuwa nimemletea senene wa kukaanga na kahawa ya kutafuna. Alichukua punje moja ya kahawa, akaiweka ulimini, akafumba macho. Kisha akaitoa taratibu na kuiweka kwenye kiganja. Kinywa chake chote kilikuwa na vidonda. "Harufu inatosha," akasema.

Rispa hakukubali tuzungumze kabla sijala kwake. Nilimwambia nimekula, akawa kama hakusikia. Alipika ugali, sukuma wiki na samaki wadogo waliokaushwa ambao yeye aliwaita omena. Nilipoonja nikakuta ni dagaa wa ziwa letu hili hili. Nikamwambia. Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Basi tumekunywa maji mamoja," akasema. Kamau alikula akiwa mlangoni, akaaga kwamba atarudi saa kumi na moja kunipeleka stesheni.

Sosthenes alitaka habari za nyumbani. Migomba ya mama bado ipo? Ipo. Nani anaikata majani? Projestus. Mti wa mrumba? Ulianguka. Alikuwa akiuliza polepole, akipumzika katikati. Sikuthubutu kutaja barua. Yeye ndiye aliyezitaja.

"Barua zangu zilifika?"

Ningeweza kusema posta iliziharibu. Mpaka ule ulikuwa umefungwa miaka mingi, angeamini.

"Zilifika zote tatu," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayethibitisha hesabu aliyokwisha kuipiga. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema, "Kibanja sikitaki tena, Koku. Nataka sehemu ya kulala tu. Nipeleke nyumbani. Leo hii. Kuna basi la jioni."

Rispa alikuwa akiosha sahani. Akaziacha.

"Umpeleke wapi?" akaniuliza mimi, si yeye. "Nimemuosha miezi mbili. Hamjui hata jina langu nyinyi. Mkimchukua akafe huko, mimi nitakuwa nani? Nitasema nilikuwa na bwana, watu waniulize yuko wapi?"

"Utakuja naye," nikasema.

"Na leo unaweza kutupeleka? Leo?"

Saa yangu ilikuwa inaonyesha saa tisa na dakika ishirini. Mnajua enzi hizi simu ni ya posta, na ya meli sikuwa nayo. Hapakuwa na namna ya kumwambia Deo. Angesimama bandarini, angeona watu wote wamepanda, angebaki akitazama barabara mpaka ngazi ivutwe. Mwanangu alikuwa amefua mashuka ya wageni miaka mitano aipate nafasi ile moja. Hayo ndiyo niliyojiambia. Lakini nitawaambia pia lile jingine, maana nimeahidi kuandika yote: nilikiogopa kile chumba. Niliogopa safari ya siku mbili na mgonjwa anayejichafua, niliogopa uso wa Projestus mlangoni, niliogopa majirani, yaani ninyi. Na meli ilinipa sababu yenye heshima.

"Ni siku nane tu," nikamwambia Sosthenes. "Nikirudi nitawachukua wote wawili. Nitakodi gari kutoka Kampala. Naapa."

"Siku nane ni nyingi," akasema.

"Kunywa uji, utapata nguvu."

Akanitazama kama mimi ndiye mdogo. "Sawa, mwalimu," akasema. Hakuwahi kuniita mwalimu maishani mwake.

Tulikaa hivyo mpaka Kamau akaja. Nilimshika mkono Sosthenes, ulikuwa wa moto na mwepesi. Aligeukia ukuta kabla sijatoka. Rispa alinisindikiza hadi getini, akanipa chupa ya chai na mandazi mawili yaliyofungwa kwa gazeti, ya njiani. Nilimwambia ahsante, nikarudia kiapo changu. Alisema, "Safari njema, shemeji," akarudi kwenye nguo zake.

Stesheni

Treni ilichelewa kwa saa moja na nusu. Alama ya gari la Mombasa iliwekwa, ikaondolewa, ikawekwa tena, na abiria walikaa juu ya mizigo wakilalamika. Kamau alikataa kuondoka mpaka anione nimepanda. Tulikaa kwenye benchi. Nilimuuliza amemjua Sosthenes muda gani, akasema tangu siku aliyofukuzwa kwenye nyumba za reli za Muthurwa na godoro kichwani. "Alikuja kununua kiatu," akasema. "Hakuwa na pesa, nikamwambia akate tairi. Akakata vizuri kunishinda."

Kisha akasema, "Mwalimu, gari bado. Ukitaka turudi, tunarudi. Sanduku ninabeba."

Alilisema kwa upole, akitazama mbele kwenye reli tupu.

Nikasema Deo ananingoja.

"Ni sawa," akasema. "Mtoto ni mtoto."

Saa moja na nusu nzima, wenzangu. Saa zile tano za Busia naweza kumlaumu mzee na mbuzi wake. Hizi za stesheni hazina wa kulaumiwa.

Melini

Deo alinipokea bandarini amevaa sare nyeupe, amenenepa, analia na kucheka. Nilipewa chumba kidogo chenye kitanda kilichotandikwa na mwanangu mwenyewe. Tulikwenda Unguja, tukaenda Ngazija, tukakaa baharini siku mbili bila kuona nchi. Chakula kilipangwa kwenye meza ndefu kuliko kanisa letu: nyama za aina sita, samaki mzima mwenye limau mdomoni, matunda yaliyochongwa yakawa maua. Mzee mmoja mgeni alinikaribisha mezani kwake kila asubuhi, akidhani mimi ni mke wa balozi, na kwa kuwa sikujua namna ya kumtoa kwenye kosa lile, nilimuuliza hali ya familia yake na yeye akauliza hali ya nchi yangu. Kilichobaki kwenye sahani wahudumu walikimwaga.

Siku mbili sikumwambia Deo kitu. Aliniona siwezi kumeza akadhani ni mawimbi, akaniletea tangawizi. Siku ya tatu, Jumatatu asubuhi, nilimfuata kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya meli, katikati ya mvuke na kelele za mashine. Nikamweleza yote nikiwa nimeketi juu ya rundo la mataulo. Kuhusu barua, kuhusu chumba, kuhusu basi la jioni.

Alizima pasi.

"Mama," akasema, "ungebaki naye."

"Ungeningoja bandarini."

"Ningengoja. Ningekasirika, halafu ningepata barua yako, ningeelewa." Alifuta uso kwa kona ya taulo. "Mimi nina afya, mama."

Tulikuwa tumebakiwa na siku tano za kuzunguka, na ile meli haikuwa na mahali pa kushukia.

Kurudi

Nilifika Nairobi asubuhi, nikaenda Kariokor moja kwa moja. Kamau aliniona kwa mbali, akaweka chini nyundo. Alitoa gunia kwenye kile kigoda cha pili, akakipangusa.

"Kaa, mwalimu."

Nikajua. Sikukaa.

Sosthenes alifariki Jumatatu asubuhi, siku ile ile niliyokuwa juu ya mataulo. Walingoja mpaka Jumatano wakitafuta namna ya kutupata, na hakuna aliyejua anwani yetu. Barua yangu ilikuwa imeandikwa "Bukoba" tu juu. Watu wa kanisa la Rispa na mafundi wa Kariokor walimzika makaburi ya Lang'ata. Kamau alinipeleka. Ni kilima chenye misalaba ya mbao iliyosongamana, mingine imeanguka, na udongo mwekundu usio na hata jani moja la mgomba. Kwenye msalaba wake waliandika "Soso". Sikuwa na la kufanya na mikono yangu. Nilichuma majani yaliyoota kandokando, nikachuma mpaka Kamau akanishika bega.

"Aliniulizia?" nikamwambia.

"Kila siku alikuwa anauliza kama treni imefika Mombasa salama," akasema. "Tukamwambia imefika. Akifungua macho, anauliza tena."

Komarock nilimkuta Rispa akifunga vitu. Mwenye nyumba alitaka chumba chake. Alikuwa amepata mfuaji mwingine asiyekuwa na kikohozi. Maana Rispa naye alikuwa akikohoa, na safari hii nilisikia. Siku ile ya kwanza masikio yangu yalikuwa yamejaa mambo yangu mwenyewe.

Hakunitukana. Alisema, "Ulisema siku nane za meli, na meli imerudi umekuja. Hukudanganya." Nikatamani anitukane.

Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema kwa mama yake, Funyula, si mbali na Busia. Nikabeba bunda moja, yeye akabeba jingine.

Funyula

Basi la kurudi halikuchelewa popote. Tulishuka njia panda kabla ya mpaka, tukatembea kwenye njia ya vumbi kati ya mashamba ya mihogo. Rispa alikuwa anapumzika kila baada ya hatua chache, na kila alipopumzika nilidhani ataniambia nirudi barabarani, basi la Kampala bado lipo. Hakuniambia.

Mama yake alikuwa kizee mfupi, anapepeta mtama uani. Alitupa ungo, akaja mbio mikono imenyooshwa, akamkumbatia bintiye, akamshika mashavu, akasema jinsi alivyokonda. Kisha akatazama nyuma yetu, njiani, kama mtu anayengoja msafiri wa tatu amalize kufunga kamba ya kiatu.

"Bwana yako ako wapi?" akauliza.

Rispa hakuwa ameandika. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwao. Alikaa chini palepale juu ya bunda lake, akanitazama mimi.

Nikapiga magoti mbele ya yule mama, kama tunavyofanya kwetu.

"Mama," nikasema, "mkweo amefariki. Mimi ni dada yake. Sikuwepo."